Kikombe cha Kwanza cha Mwadi

Mwadi alimvunja mumewe vidole viwili kwa mwiko wa bukari, ugali wetu, na mimi nilikuwa palepale jikoni. Naanza na hilo kwa sababu Wakongomani wote wa Etterbeek, hapa kwa Wabelgiji, wamelisikia vibaya. Wengine wanasema alitumia chupa, wengine kisu, na kuna muuza ndizi mmoja pale Chaussée de Wavre anayeapa kwamba alimmwagia maji ya moto usoni. Uongo mtupu. Ulikuwa mwiko, ule mrefu wa mti mwekundu ambao dada yake alimletea kutoka Lubumbashi, na vidole vilikuwa vya mkono wa kulia. Kama mtu anataka kubeba maneno ya wenzake, basi ayabebe bila kuyamwaga njiani.

Jina langu ni Pétronille. Mimi ni mtu wa Bukavu, kazi yangu ni kutunza wazee, na ninakaa ghorofa moja chini ya ile waliyokuwa wanakaa Mwadi na mumewe. Mwadi ni wa Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Mtu wa Bukavu na mtu wa Lubumbashi hawakosi la kubishania. Kinywaji kikali wanachokiita lutuku sisi tunakiita kanyanga, na kila upande unaapa kwamba cha kwake ndicho kinachofaa kunywewa na binadamu. Lakini tulipendana, kwa sababu wote wawili hatuna subira na watu wajinga.

Alfajiri alikuwa anashuka kituo cha Schuman kusafisha ofisi za wakubwa, na kila siku alirudi na hasira ileile: wakubwa hawajui kutenga takataka. Karatasi kwenye sanduku la chupa, maganda ya ndizi juu ya karatasi. Kwake nyumbani mfuko wa buluu ulikuwa wa buluu na wa njano ulikuwa wa njano, na ole wako ukosee. Unga aliuchekecha hata ule wa dukani uliokwisha kuchekechwa. Mawese yake yakiganda kwa baridi, hakuyayeyusha yote kama tunavyofanya sisi. Aliyaacha karibu na dirisha yajigawe, ya juu mekundu mepesi kwa maharage, ya chini mazito kwa sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia siku ya kiama Mungu atamwita asaidie kutenga kondoo na mbuzi. Akaniambia itabidi aanze na mimi.

Kazi hiyo ya kutenga aliirithi. Mama yake alilea watoto wanane kwa kupika lutuku nyuma ya nyumba, mahindi na mihogo, na Mwadi alishika bomba la shaba kabla hajajua kushika kalamu. Nasema alishika kwa maana yake hasa. Mama yake hakuwa na kipimo cha moto. Kipimo kilikuwa kiganja cha binti yake juu ya bomba. Kila kitu kilichomo ndani ya chungu kina moto wake wa kupandia, na havipandi pamoja hata kama vimelala pamoja. Kwanza hupanda kile kikali chenye sumu, wanachokiita kichwa. Halafu unakuja moyo, ambao ndio lutuku yenyewe. Mwisho ni mkia, maji matupu yenye harufu ya soksi. Anayejua kazi anakamata moyo peke yake. Asiyejua anakamata vyote na kuzika wateja.

Mwadi alikuwa binti mdogo askari walipoingia uani kwao. Walipiga masufuria mateke, wakamwaga pipa la kimea, na mmoja akaona kikombe kilichojaa pembeni, kile cha kwanza, ambacho kilikuwa kinangoja kumwagwa. Akakitaka. Mama mtu akasema hiki si cha kunywa. Askari akamwekea bunduki kifuani, akanywa. Alitapika mchana kutwa. Kesho yake wakarudi, wakamlaza mama chini mbele ya wanawe, wakamkanyaga mkono hadi ukavunjika pale juu ya kiwiko. Haukunyooka tena. Na yule mama, mkono umefungwa kwa vijiti na kitambaa, akamwambia binti yake neno ambalo Mwadi amenikariria labda mara mia: "Kichwa hatupeake muntu, Mwadi. Hata adui yako. Unaimwanga chini."

Sasa nije kwa Ghislain, mumewe.

Ghislain alikuwa mwanamume wa vya kwanza. Bukari ikitoka motoni, tonge la kwanza lake. Maji ya kuoga yakiwa moto, yeye kwanza. Kuku akichinjwa, firigisi ni yake. Na hapo simlaumu peke yake, kwetu wote firigisi ni ya baba, hata Bukavu. Baba yangu mimi alikuwa anaikata vipande na kutugawia watoto chini ya meza. Ghislain aliila akiwa anamtazama mkewe. Siku moja ilipasuka kwenye mafuta, nusu ikaungua, na Mwadi akaja kwangu na jino mkononi, limefungwa kwenye karatasi ya jikoni, akaniuliza kama Wazungu wanajua kulirudisha.

Alimpiga kwa ajili ya firigisi, alimpiga kwa sababu hawakujaliwa mtoto, alimpiga timu yake ilipofungwa. Mimi nilipiga dari kwa mpini wa fagio hadi rangi ikadondoka kwenye supu yangu. Niliita polisi mara moja. Mwadi akawaambia ameanguka kwenye ngazi, na askari wa kike akamtazama kwa huruma, wakaondoka. Kanisani walimwambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu gani, jamani? Mtu ameng'olewa jino, mbivu atazitafuna na nini?

Lakini kilichomkera Ghislain kuliko yote ni kikombe. Mwadi alipika lutuku mara chache tu, kukiwa na matanga au dot, sherehe ya mahari, sufuria moja kubwa ya alumini juu ya jiko la umeme, mfuniko umezibwa pembeni kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoroke, bomba la shaba likipita kwenye ndoo ya maji baridi. Na kila mara, kikombe cha kwanza kilipojaa, alikimwaga kwenye sinki. Ghislain aliona wivu wa kikombe hicho kama wa mwanamume mwingine. Kile cha kwanza, chenye nguvu kuliko vyote, kinapewa bomba la maji machafu, na yeye mwenye nyumba anangoja cha pili! Mwadi alimweleza sababu. Yeye akasema ni uchawi wa Katuba, anawapa mababu zake, na kwa ajili ya hilo pia akampiga.

Basi, Jumamosi moja mchana, kabla ya dot ya Hénock, mdogo wake Ghislain, Mwadi aliniita nipande nimsaidie kumenya ndizi. Sufuria alikuwa ameijaza na kuiziba asubuhi, kisha akaenda sokoni. Aliporudi aliwasha jiko tu. Nilimkuta ameinama juu ya mfuniko.

"Yaya Pétro," akaniita, kama dada yake mkubwa, "nani aligusa huu unga?"

Niliangalia. Upande mmoja unga ulikuwa umepakwa vizuri, mwembamba. Upande wa pili ulikuwa madonge madonge, kazi ya mtu asiyejua.

"Bwana yako alitaka kuonja kimea," nikasema. "Mwizi mukubwa."

Akaguna, akaketi kwenye kiti chake, akaweka kiganja juu ya bomba. Tukamenya ndizi. Sufuria yake huwa inanguruma kwanza, halafu bomba linapata joto, halafu ndipo tone la kwanza linakuja. Siku hiyo sufuria ilikuwa bado kimya, haijaanza kunguruma, na mara tukasikia kwenye kikombe: to, to, to. Mwadi alitoa mkono kwenye bomba kana kwamba limemng'ata.

"Ni mbio sana," akasema. "Hii haiko ya mahindi."

Akachovya kidole, akanusa, akanisogezea. Chini ya ukali wa pombe kulikuwa na harufu ya limau, si limau la mtini, bali lile la sabuni. Matone yakaendelea, mengi, meupe, safi kuliko machozi. Mwadi alinyoosha mkono azime jiko, na Ghislain akaingia.

Alikuwa amechangamka, amevaa shati jipya, na mkononi alikuwa na galoni tupu ambayo nadhani alitaka kwenda kuitupa kabla hatujaiona. Alipoona tumeshajua, akageuza aibu kuwa majivuno. Huyo ndiye Ghislain. Alikuwa anafanya kazi katika garaji, na nyuma ya garaji alikuta magaloni ya zamani ya maji ya kuoshea vioo vya magari, yale ya buluu yasiyoganda kwa baridi, ya aina ambayo sasa imekatazwa kuuzwa kwa sababu ya sumu yake.

"Niliongeza kidogo," akasema. "Batu ya Hénock iko mingi, lutuku yako ingekuwa ya batoto. Bon, angalia vile inatoka! Blanc, nyeupe! Bleu yote inabakia chini, alcool inapanda. Si weye mwenyewe njo ulinifundisha?"

Hapo nilielewa kwamba alikuwa amemsikiliza mkewe miaka yote, lakini nusu nusu. Ni kweli rangi haipandi na mvuke. Inabaki chini ya sufuria. Lakini sumu hupanda, tena hupanda ya kwanza, tena haitengani na pombe njema hadi mwisho kabisa, hata moyo wa lutuku ile ungekuwa nayo. Mwadi alimwambia hivyo, pole pole, kama mtu anayeongea na mbwa aliyeshika kuku.

"Ghislain. Ile mbaya njo inapandaka mbele. Yote tunaimwanga. Hata tone moja usikunywe. Utakufa macho."

"Alors, leo tena!" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Kila siku mbaya, mbaya. Juu ya bwana yako, mbaya. Juu ya sinki, muzuri."

Akampiga kofi. Mbele yangu, mbele ya ndizi zangu. Kichwa cha Mwadi kiligonga mlango wa kabati, ukafunguka, na sahani mbili zikashuka zikavunjika. Nilisimama. Akanielekezea kidole nikae, bila kunitazama: "Maman Pétro, ikala." Halafu akachukua kikombe.

Nitasema wazi kilichokuwa moyoni mwangu, na sitamwungamia padri yeyote: nilitaka anywe. Nilimtazama Mwadi, damu inamtoka sikioni, na nilijua anajua. Amemwonya, shahidi yupo, mume amekataa. Angenyamaza tu. Hakuhitaji kufanya kitu hata kimoja, na kufikia kesho yake mikono ile isingejua tena uso wa kupiga uko wapi. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na ulikuwa umefunguliwa na Ghislain mwenyewe.

Kikombe kilifika mdomoni. Mwadi akakamata mwiko wa bukari uliokuwa kando ya jiko na kuushusha kwa mikono miwili.

Nilisikia mfupa. Kikombe kilienda ukutani. Ghislain alitoa sauti nyembamba ya mtoto, akatazama vidole vyake vimeelekea upande usio wao, na kisha akamrukia. Alimpiga kwa mkono wa kushoto, kwa goti, kwa paji la uso. Alimshika nywele akampigisha kwenye jiko, na sufuria ikapinduka. Kimea cha moto kikamwagika chini, na jamani, kilikuwa na rangi ya kijani na buluu, kama maji ya choo cha hoteli, kinafuka moshi wa limau. Kikamwingia Mwadi kwenye kiatu. Alipiga yowe. Ghislain aliendelea kumpiga teke palepale kwenye mguu ulioungua.

Mimi nilifungua friji nikatoa mfuko wa viazi vilivyogandishwa, kilo mbili na nusu, nikampiga nao kisogoni mara nyingi kadiri Mungu alivyonipa nguvu. Mfuko ulipasuka, viazi vikaruka kila mahali. Alipogeuka kwangu aliteleza kwenye uji wake mwenyewe wa buluu, akaanguka juu ya mkono uliovunjika, na hapo hakuinuka. Mwadi akasimama juu yake na mwiko umeinuliwa. Nikasema moyoni, haya sasa, mmalize. Kisha akanyoosha mkono mwingine, akazima jiko, akafungua dirisha.

Polisi waliitwa na jirani wa juu. Safari hii Mwadi hakuanguka kwenye ngazi. Aliwaambia, "Nilimupiga. Na yeye ananipigaka tangu zamani. Yaya Pétro ataeleza." Nikaeleza, na nikiwa na hasira Kifaransa changu ni kizuri sana. Galoni waliichukua. Hospitalini daktari alimwambia Ghislain, huku anamfunga vidole, kwamba kikombe kile kingempofusha kama si kumuua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alisikia nusu, akavunjika vidole.

Mwadi alihamia kwenye kochi langu, mguu umefungwa bandeji. Sheria ya Wabelgiji ilianza kutembea kwa mwendo wake wa konokono. Sheria yetu haikungoja. Tonton Lucien, kaka mkubwa wa ukoo wa Ghislain, aliita kikao kwake Jumapili baada ya misa. Uamuzi ulikuwa umeshaiva kabla hatujavua makoti: mume amekosa kidogo kwa pombe, mke amekosa sana kwa sababu mwanamke havunji mkono unaomlisha. Kwa hiyo Mwadi apike kuku, amwandalie mumewe, ampe firigisi kwa mikono miwili mbele ya watu, apige magoti, waombane msamaha, warudi ghorofani kwao.

"Alimwokolea macho!" nikapaza sauti. "Bila huyu mwanamuke mungekuwa munamushika mukono apite barabara!"

"Sikumuomba," akasema Ghislain, bandeji kifuani.

"Maman Pétro," akasema Tonton Lucien, "hii ni mambo ya famille."

Mwadi alikuwa jikoni. Nilimfuata nikamwambia tuondoke. Alikuwa anamkatakata kuku, mapaja kando, mabawa kando, ngozi kando, kwa utulivu ulionitia hofu kuliko kelele zote za siku ile. Firigisi aliipasua, akaosha mchanga, akamenya ngozi ya njano, akaikaanga mpaka ikawa ya rangi nzuri. Nilidhani ameshindwa. Nililia kwa hasira kwenye taulo la wenyewe.

Akaingia sebuleni na sinia, anachechemea. Watu wakajisogeza, wakatabasamu, mama mmoja akaanza kupiga makofi ya furaha. Akapiga magoti mbele ya Ghislain kwa shida, mguu ule haukunjiki vizuri. Akaweka sinia chini. Akachukua firigisi kwa mikono miwili, na Ghislain akanyoosha mkono wake mzima wa kushoto kuipokea.

Mwadi akaitia mdomoni mwake.

Firigisi si nyama ya kumeza haraka, ina ukaidi, na yeye alikuwa na jino moja pungufu upande wa kulia, kwa hiyo alitafuna kwa upande wa kushoto, taratibu, huku anamtazama mumewe usoni, na sisi sote tukimngoja. Ghislain aliinuka nusu, mkono ukapanda hewani kwa mazoea. Mwadi hakupepesa. Watu walikuwa wanauangalia ule mkono, wote, na Tonton Lucien naye aliuangalia, na ukabaki hapo juu bila kazi mpaka ukashuka wenyewe.

Alipomaliza alijifuta midomo kwa kiganja.

"Ni hii tu?" akasema. "Ile yote, ilikuwa juu ya hii? Ni nguvu tu kwa meno. Haina hata utamu."

Akanipa mkono nimwinue. Tukavaa makoti, tukashuka, na njiani akaniuliza kama kwangu bado kuna ndizi, kwa sababu alikuwa na njaa.